Mkono wa Mlinda Mlango: Vic Woodley na Agizo la Berlin, 1938

Ipo picha ya tarehe 14 Mei 1938 ambayo kila anayeandika historia ya michezo barani Ulaya hulazimika kuieleza. Wachezaji kumi na mmoja wa timu ya taifa ya Uingereza wamejipanga mstari mmoja katika Uwanja wa Olimpiki wa Berlin. Mikono yao ya kulia imenyooshwa mbele kwa saluti ya Kinazi. Mmoja wao ni mlinda mlango wa klabu ya Chelsea, Vic Woodley, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akiichezea nchi yake mechi ya tisa. Wengi huitazama picha hiyo na kutoa hukumu mara moja: watu wazima, raia wa nchi inayojinasibu kwa uhuru, waliwezaje kufanya vile?

Makala haya yanafuatilia maisha ya soka ya Woodley kwa sababu swali hilo, likiulizwa kwa haraka, hupata jibu jepesi. Woodley hakuwa nahodha, hakuwa mwanasiasa, wala hakuwa nyota wa kiwango cha Stanley Matthews. Alikuwa mfanyakazi hodari aliyetimiza wajibu wake kwa miaka mingi. Watu wa namna hiyo ndio wanaojaza ofisi za serikali, madarasa na viwanda katika kila nchi, na kwa hiyo maisha yake yanatuhusu zaidi kuliko maisha ya mashujaa.

Woodley alizaliwa mwaka 1910 katika kijiji cha Cippenham karibu na mji wa Slough, magharibi ya London. Alianza katika klabu ndogo ya Windsor & Eton na mwaka 1931 akasajiliwa na Chelsea. Hiyo ilikuwa klabu yenye uwanja mkubwa na kabati la vikombe lililo tupu. Ilipenda kununua majina makubwa, na mwaka 1933 ikamleta John Jackson, mlinda mlango wa timu ya taifa ya Scotland. Kwa miaka kadhaa Woodley alilazimika kugombea nafasi na mtu ambaye naye alikuwa akiitwa na nchi yake. Aliishinda vita hiyo ya kimyakimya. Hadi anaondoka Stamford Bridge alikuwa amecheza mechi 272, idadi ambayo bila shaka ingekuwa kubwa zaidi kama vita vya pili vya dunia visingemnyang'anya miaka yake bora.

Ili kuuelewa utii wake, yafaa kwanza kuelewa kazi yenyewe ilivyokuwa. Mchezaji wa kulipwa wa Uingereza katika miaka ya 1930 hakuwa tajiri. Kanuni ziliweka ukomo wa mshahara: pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu na pauni 6 wakati wa kiangazi. Kiasi hicho kilizidi kipato cha mfanyakazi wa kawaida, lakini hakikulingana hata kidogo na fedha zilizoingia mlangoni. Tarehe 12 Oktoba 1935, kwa mfano, watu 82,905 waliingia Stamford Bridge kutazama mechi ya Chelsea na Arsenal. Zaidi ya mshahara, ilikuwapo kanuni ya usajili: mkataba wa mchezaji ulipokwisha, klabu iliendelea kumshikilia, na bila idhini yake hakuweza kucheza kwingine. Ukomo wa mshahara uliondolewa mwaka 1961, na kanuni ya usajili ikatikiswa mahakamani mwaka 1963. Wakati huo Woodley alikuwa amekwisha kustaafu zamani.

Kazi ya mlinda mlango ilikuwa pia ya hatari. Sheria ziliruhusu washambuliaji kumsukuma kwa bega akiwa ameushika mpira. Mpira ulikuwa wa ngozi, na ukilowa mvua ulikuwa mzito. Septemba 1931, mwaka uleule Woodley alipojiunga na Chelsea, mlinda mlango wa Celtic, John Thomson, alifariki baada ya kugongana na mshambuliaji. Februari 1936 mlinda mlango wa Sunderland, Jimmy Thorpe, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kisukari, alifariki siku chache baada ya kuumizwa katika mechi dhidi ya Chelsea yenyewe. Ni baada ya kifo hicho sheria ilipobadilishwa ili kumzuia mchezaji asiinue mguu kuufuata mpira uliomo mikononi mwa mlinda mlango. Hao ndio wafanyakazi tunaowazungumzia: walipendwa na umati, walilipwa kwa kipimo, walifungwa na kanuni, na hawakuwa na sauti katika vikao.

Katika timu ya taifa hali ilikuwa hiyohiyo. Hakukuwa na kocha mwenye mamlaka ya kuteua kikosi. Wachezaji walichaguliwa na kamati ya Chama cha Soka, yaani FA, iliyojaa viongozi wa vilabu, na aliyeitwa leo angeweza kuachwa kesho bila maelezo. Nafasi ya mlinda mlango kwa miaka mingi ilikuwa ya Harry Hibbs wa Birmingham, aliyecheza mechi 25 kati ya 1929 na 1936. Woodley alianza tarehe 17 Aprili 1937 katika uwanja wa Hampden Park, Glasgow, mbele ya watazamaji karibu 150,000. Scotland ilishinda 3–1. Kamati ingeweza kumtupa baada ya siku hiyo, lakini haikufanya hivyo. Kuanzia hapo alicheza mechi 19 mfululizo, bila kukosa hata moja, mpaka Mei 1939.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwani mkono ulionyooshwa Berlin ulikuwa na utangulizi wake London. Tarehe 4 Desemba 1935 Ujerumani ilicheza na Uingereza katika uwanja wa Tottenham. Hibbs alikuwa langoni, na Uingereza ilishinda 3–0. Vyama vya wafanyakazi na jumuiya za Wayahudi vilipinga mechi hiyo isichezwe. Walter Citrine, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani. Serikali ilijibu kwamba mechi ni michezo na haina uhusiano wowote na siasa. Jibu hilo tulikumbuke. Wajerumani walipiga saluti yao uwanjani, bendera yenye alama ya swastika ikapepea juu ya paa, na mtazamaji mmoja akapanda kuikata kamba yake. Kwa hiyo hoja kwamba mwaka 1938 hakuna aliyejua maana ya alama zile haina msingi. Raia wa kawaida walijua, wakasema, na wakapuuzwa.

Miaka miwili na nusu baadaye mambo yalikuwa mabaya zaidi. Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria na nchi hiyo ikamezwa. Wachezaji wake wakawa mali ya Ujerumani. Mmoja wao, Hans Pesser wa Vienna, alifunga bao katika mechi ile ya Mei. Waziri Mkuu Neville Chamberlain alikuwa akifuata sera ya kumridhisha Hitler ili kuepusha vita, na mtekelezaji wake mkuu mjini Berlin alikuwa Balozi Nevile Henderson. Wahenga wetu walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Tofauti ni kwamba Henderson hakuubusu yeye mwenyewe hadharani. Aliona kuwa wachezaji wakipiga saluti ya wenyeji, umati wa Berlin utafurahi na uhusiano utatengemaa. Sir wa baadaye, Stanley Rous, katibu wa FA, alikubaliana naye.

Jinsi agizo lilivyofika kwa wachezaji ni jambo lenye masimulizi zaidi ya moja, na hapo pana funzo. Eddie Hapgood wa Arsenal, nahodha, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1945 kwamba alipinga mbele ya viongozi wa msafara, na kwamba tendo lile lilikuwa doa chungu kuliko yote aliyopitia katika soka. Matthews alisimulia kwamba chumba cha kubadilishia nguo kililipuka kwa hasira, mpaka walipoambiwa kwamba hali ya Ulaya ilikuwa tete kiasi cha kuhitaji cheche moja tu. Rous kwa upande wake alikumbuka kwamba aliwaeleza wachezaji jambo lenyewe nao wakaridhia bila shida. Agizo lilipita kwa mdomo kutoka kwa balozi hadi kwa katibu, na kutoka kwa katibu hadi kwa nahodha na wenzake. Kila aliyesimama juu aliweza baadaye kulieleza kama ushauri, na kila aliyesimama chini alilipokea kama amri. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanajua vyema tabia ya agizo la mdomo kutoka juu: halina sahihi, halina kumbukumbu namba, na siku ya kuulizwa halina mwenyewe.

Basi Woodley akanyoosha mkono pamoja na wenzake, kisha akaenda langoni kufanya kazi anayoijua. Uingereza ilishinda 6–3 mbele ya watu zaidi ya 100,000. Cliff Bastin, Jackie Robinson, Frank Broome, Matthews na Len Goulden ndio waliofunga, Robinson akifunga mawili. Magazeti mengi ya Uingereza yalisifu ushindi huo na hayakuona tatizo kubwa katika saluti. Aibu ilikuja baadaye, vita vilipoanza na picha ikapata maana mpya.

Je, kukataa kuliwezekana? Kesho yake, tarehe 15 Mei, klabu ya Aston Villa ilicheza Berlin na kikosi cha Wajerumani na kushinda 3–2. Mwisho wa mechi wachezaji wake waliondoka uwanjani bila kupiga saluti iliyotarajiwa. Umati ulizomea. Vita havikulipuka kwa sababu hiyo. Cheche waliyotishiwa wachezaji wa timu ya taifa haikuwasha kitu. FA ilichukizwa na klabu, na katika mechi zilizofuata za ziara ile shinikizo liliongezeka, lakini jambo moja lilikuwa limethibitika: hoja ya dharura iliyotumika kuwanyamazisha watu ilikuwa kubwa kuliko dharura yenyewe. Broome alicheza mechi zote mbili. Ndani ya saa ishirini na nne mtu yuleyule alikuwa katika mstari uliotii na katika kikosi kilichogoma. Mazingira yanayomzunguka mtu, yaani wenzake na viongozi wake wa karibu, huwa na uzito mkubwa kuliko tunavyopenda kukiri tunapozungumzia ujasiri wa mtu binafsi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza kwa nini ajishughulishe na saluti ya Waingereza mbele ya Wajerumani. Tarehe 3 Machi 1938, wiki kumi kabla ya mechi, Balozi Henderson huyohuyo alikaa mbele ya Hitler na kuweka mezani pendekezo la serikali yake kuhusu makoloni. Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa makoloni yake baada ya vita vya kwanza, Tanganyika ikiwemo, na ilikuwa ikidai fidia. Pendekezo lilikuwa kuanzisha utaratibu mpya wa utawala katika eneo pana la Afrika ya kati, ambalo Ujerumani ingepata sehemu yake. Ukubwa wa eneo hilo ulikaribiana na lile lililoainishwa kama bonde la Kongo katika mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, na mipaka ya mkataba ule iliijumuisha Tanganyika. Hitler hakuvutiwa, alisema anaweza kusubiri. Siku tisa baadaye akaingia Austria.

Wakazi wa maeneo hayo hawakuulizwa. Waliopiga kelele kwa sauti ya kusikika Tanganyika walikuwa walowezi wa Kiingereza, waliounda umoja wao mwaka huohuo wa 1938 kutetea mashamba yao. Kwa hiyo saluti ya Mei ilikuwa sehemu ndogo ya mkufu mrefu: ardhi za watu wengine zilitolewa kama zawadi mwezi Machi, heshima ya wachezaji ikatolewa mwezi Mei, na mwezi Septemba, mjini Munich, ikatolewa sehemu ya Chekoslovakia. Katika kila hatua aliyetoa hakutoa kilicho chake. Hilo ndilo jambo ambalo hukumu ya haraka dhidi ya wachezaji hulificha. Tukiukodolea macho mkono wa Woodley tunasahau kuuliza ni nani aliyeukopa, na kwa ajili ya biashara gani.

Maisha ya soka ya Woodley yaliendelea. Oktoba 1938 alisimama langoni Uingereza ilipoifunga timu teule ya Ulaya 3–0 katika uwanja wa Highbury. Tarehe 13 Mei 1939, mjini Milan, Silvio Piola wa Italia alimfunga bao la mkono, na ngumi iyohiyo ikamwachia beki George Male jicho jeusi. Mwamuzi, Mjerumani Peco Bauwens, alilikubali bao hilo. Mechi iliisha 2–2. Siku tano baadaye Uingereza ilifungwa 2–1 mjini Belgrade, na tarehe 24 Mei ikashinda 2–0 mjini Bucharest. Hiyo ikawa mechi ya mwisho ya Woodley kwa taifa lake. Hakuachwa kwa kushuka kiwango. Septemba vita vilianza, ligi ikasimamishwa, na soka rasmi ya kimataifa iliporejea mwaka 1946, lango lilikuwa la Frank Swift wa Manchester City.

Sera ya kuridhisha, kwa maneno mengine, haikuzuia vita ambavyo wachezaji walidhani wanavizuia. Woodley alilipa mara mbili: kwanza kwa mkono wake, kisha kwa miaka sita, kutoka umri wa miaka 29 hadi 35, ambayo kwa mlinda mlango ndiyo miaka ya ukomavu.

Tarehe 13 Novemba 1945 alirudi kwa mara nyingine katika mechi yenye sura ya siasa. Dynamo ya Moscow ilizuru Uingereza na kucheza kwanza na Chelsea. Watu zaidi ya 74,000 kwa hesabu rasmi walifurika Stamford Bridge, na wengine wengi waliingia bila tiketi na kukaa hadi pembezoni mwa mistari ya uwanja. Kabla ya mechi Warusi waliwakabidhi wenyeji wao mashada ya maua, na Waingereza wakabaki wameyashika wakiwa hawajui wayaweke wapi. Goulden, mfungaji wa bao la sita la Berlin, sasa alikuwa mchezaji wa Chelsea na alifunga siku hiyo pia. Mechi iliisha 3–3. Safari hii hakuna aliyeagizwa kufanya ishara isiyo yake.

Mwezi uliofuata Chelsea ilimwachia Woodley aende Bath City, klabu isiyo ya ligi kuu. Ilionekana kama mwisho. Lakini Derby County, iliyokuwa ikisonga mbele katika Kombe la FA, iliishiwa walinda mlango kwa majeruhi ikamkimbilia mzee huyo wa miaka 36. Tarehe 27 Aprili 1946 alisimama Wembley mbele ya watu karibu 98,000. Bert Turner wa Charlton alijifunga, na dakika iliyofuata akasawazisha kwa mpira wa adhabu uliopita na kumshinda Woodley. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, na Derby ikafunga matatu zaidi ili kushinda 4–1. Medali pekee kubwa ya maisha yake aliipata baada ya klabu yake ya miaka kumi na minne kumwona amekwisha. Alirejea Bath City kama mchezaji na meneja, na alifariki mwaka 1978.

Na walioagiza? Henderson aliandika kitabu kuhusu kushindwa kwa ujumbe wake Berlin na kufariki mwaka 1942. Rous alipewa cheo cha Sir mwaka 1949, na mwaka 1961 akawa Rais wa FIFA. Hapo Afrika inamfahamu vizuri. Mwaka 1963 alikwenda Afrika Kusini kuchunguza soka ya ubaguzi wa rangi, na chama cha Wazungu kikafunguliwa adhabu iliyokuwa imekifunga. Nchi za Afrika ziliungana katika mkutano wa Tokyo wa mwaka 1964 na kurudisha adhabu hiyo. Msimamo wa Rous ulikuwa kwamba michezo isichanganywe na siasa. Mwaka 1974 alishindwa uchaguzi na João Havelange, na kura za Afrika zilichangia sana kuanguka kwake.

Mtu aliyeona ni sawa wachezaji kupiga saluti ya chama tawala cha nchi nyingine, kwa ombi la balozi, ndiye aliyewaambia Waafrika kwamba kuupinga ubaguzi uwanjani ni kuingiza siasa. Ukitazama kwa makini utaona kwamba kauli hizo mbili hazigongani. Katika zote, neno siasa lilimaanisha madai ya wanyonge peke yake, na matakwa ya wenye mamlaka yakapewa majina mengine: adabu, busara, uhusiano mwema, hali tete. Serikali ya Uingereza ilisema vivyo hivyo kwa wafanyakazi mwaka 1935. Lugha hiyo haijafa. Mwanafunzi akiandamana anaambiwa anafanya siasa, na mwanafunzi huyohuyo akipangwa barabarani kumpungia mgeni wa serikali anaambiwa anaonyesha uzalendo.

Simwondolei Woodley wajibu wake. Aston Villa walionyesha kwamba mlango mdogo wa kukataa ulikuwapo, na heshima ya mtu haikopeshwi bila yeye kuiachia kwa kiasi fulani. Ninachodai ni mgawanyo wa haki wa lawama. Katika historia yetu wenyewe tumezoea kumkamata karani, askari na mwalimu aliyetekeleza, tukamwacha aliyenong'ona agizo katika korido. Anayetumikia umma na akaletewa jambo linalomtia shaka ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kunyoosha mkono: nani anaagiza, kwa maandishi gani, na anayelipa gharama ni nani? Wachezaji wa Berlin walipewa jibu la haraka kwa swali moja ambalo hawakuuliza, yaani kwamba hali ni tete, na hayo matatu yakabaki bila jibu mpaka picha ilipochapishwa.